Istanbul na Ndugu Yako wa Damu: Mwongozo Kamili wa Msafiri Mwislamu

Mimi na mdogo wangu wa kiume, niliyemwachia ziwa, tulifika Istanbul tukiwa tumejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Tiketi tunazo, chumba tumeshalipia, orodha ya misikiti tumeiandika tangu nyumbani Tanga. Ijumaa ya kwanza tukaenda kwenye msikiti mmoja karibu na tulipofikia. Yeye akavua viatu akaingia. Mimi nikaoneshwa kwa ishara ya mkono kwamba sehemu ya wanawake siku hiyo imechukuliwa na wanaume, nafasi hakuna. Nikarudi chumbani, nikaswali Adhuhuri peke yangu huku machozi yakinilenga, na nje nasikia khutba kwenye kipaza sauti.

Kuanzia siku hiyo tulipindua mpango mzima. Kwanza tunaulizia mwanamke ataswali wapi, ndipo tunaamua twende wapi. Swala ndiyo iliyopanga siku, na mahali pangu pa kuswali ndipo palipopanga njia. Safari ikatulia. Haya ninayoyaandika ni kwa kaka na dada wanaokwenda pamoja, ingawa ndugu wawili wa kiume au wa kike nao watapata mengi ya kuwafaa.

Hatua ya 1: Niya, hukumu na karatasi

Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, kaka wa damu ni maharimu, kwa hiyo dada anayesafiri naye hana la kujieleza nyumbani wala kwa majirani. Lakini kuna jambo moja la fiqhi mnalotakiwa kulimaliza kabla ya kupanda ndege, nalo ni idadi ya siku. Kwa Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaacha kupunguza swala tangu anapofika. Mkinuia siku tatu kamili, mtapunguza na mnaweza kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Hili linabadilisha kabisa mwendo wa siku yenu, basi mwulizeni sheikh wenu mkiwa na tiketi mkononi, si mkiwa barabarani. Na kumbukeni kwamba mkiswali nyuma ya imamu mkaazi, mnatimiza rakaa nne pamoja naye.

Karatasi hazina maneno mengi. Masharti ya viza hutegemea pasi ya nchi yako, na mahali pa kuyaangalia ni tovuti ya serikali ya Uturuki, evisa.gov.tr, andikeni anwani hiyo kwa mkono wenyewe. Kuna tovuti za mawakala zinazofanana nayo kwa rangi na nembo, nazo hutoza ziada. Pasi iwe na angalau miezi 6 mbele yake. Turkish Airlines ina safari za Istanbul kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa, Entebbe na Kigali, na angani mnakaa kama saa 7 hivi.

Hatua ya 2: Chagueni msimu kwa kutazama saa za swala

Hapa ndipo watu wa kwetu wanapokosea. Sisi tunaishi karibu na ikweta, Magharibi yetu haiendi mbali na saa 12:30 mwaka mzima. Istanbul iko mbali kaskazini. Saa zao ni sawa na za Afrika Mashariki, hamtabadilisha hata dakika moja kwenye simu, lakini jua lao halifanani na letu.

Mwisho wa Juni, alfajiri inaingia kama saa 9:25 usiku, Magharibi ni karibu saa 3 kasoro usiku, na Isha inakuja saa 4:40 usiku. Anayetaka kuswali Isha kwa jamaa halafu aamke alfajiri atapata usingizi wa muda wa saa nne tu. Desemba ni kinyume: alfajiri inaingia saa 12:45 asubuhi, jua linachomoza baada ya saa 2, Adhuhuri saa 7:05, Alasiri saa 9:20, Magharibi saa 11:40 jioni. Mchana ni mfupi kiasi kwamba mkichelewa kula mnajikuta mnakimbizana na swala tatu ndani ya saa tano.

Kwa maoni yangu, Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kwenda. Hali ya hewa ni ya kutembea, na swala zimepishana kwa nafasi nzuri. Ramadhani ina raha yake, hasa maandishi ya taa yanayotundikwa kati ya minara ya misikiti, lakini usingizi ni haba na mji umejaa.

Jambo la kuwatuliza: nje ya Ramadhani, jamaa ya Alfajiri mara nyingi haiswaliwi pale tu alfajiri inapoingia. Misikiti mingi husubiri hadi kukaribia jua kuchomoza, kwa desturi ya Kihanafi. Mwulizeni mwenyeji wenu saa ya jamaa, msijichoshe kwenda kukuta mlango umefungwa.

Hatua ya 3: Yamalizeni nyumbani

Kaka na dada wanaopendana sana wanaweza kurudi hawasemeshani kwa sababu ya hela ya chai. Sisi tulifanya mfuko mmoja wa safari. Kila mmoja aliweka kiasi sawa, na humo zikatoka nauli, chakula, viingilio na sadaka. Zawadi kila mtu kwa pesa yake. Mshika mfuko ni mmoja, anaandika kila usiku, na mwingine anasomewa. Dakika tatu tu.

Chumba: mkisema chumba cha watu wawili, mtapewa kitanda kimoja kikubwa. Andikeni wazi mnataka vitanda viwili tofauti, na mpate jibu kwa maandishi. Dini imetuamrisha kuwatenganisha malazi watoto wakifika miaka 10, seuze sisi watu wazima. Mkiwa na uwezo wa vyumba viwili vinavyopakana, bora zaidi.

Lipo jambo la tatu ambalo watu huona haya kulisema. Dada anaweza kuwa kwenye siku zake katikati ya safari. Kwa Shafi hakai msikitini. Kaka asiulize, na dada asilazimike kueleza. Sisi tulikubaliana neno moja: nikisema "leo tupande boti", yeye anajua kwamba siku hiyo ni ya bahari, masoko na kasri, na ya misikiti itasogea mbele. Kwa hiyo msinunue kila kiingilio mapema kwa tarehe isiyobadilika.

Mwisho, kubalianeni saa mbili kila siku za kila mtu kushika njia yake. Mdogo wangu anapenda kutazama mafundi wa shaba. Mimi napenda kukaa. Mapenzi hayapungui kwa kuachana kidogo.

Hatua ya 4: Begi

Viatu vya kuvulika upesi, bila kamba, kwa sababu mtavivua mara kumi kwa siku. Soksi safi za akiba. Mfuko wa kitambaa wa kuwekea viatu, kila mmoja na wake. Hapa nasisitiza: siku moja mdogo wangu alitia viatu vyetu vyote kwenye mfuko wake, tukaachana mlangoni, yeye akatokea mlango mwingine. Nilisimama kwa soksi juu ya marumaru ya ua, baridi ikinipanda hadi magotini, kwa muda wa dakika ishirini.

Mkienda msimu wa baridi, nunueni khufu, yaani soksi za ngozi, wenyeji wanaziita *mest*. Zinauzwa kwenye maduka ya karibu na misikiti ya Fatih na Eyüp. Ukizivaa ukiwa na udhu kamili, mkaazi anapangusa juu yake badala ya kuosha miguu kwa mchana na usiku mmoja, msafiri anayepunguza swala siku tatu na usiku wake. Maji ya Januari ya mabirika ya uani yanauma, na kuvua soksi za tabaka mbili kila swala kunachosha. Wazee wa huko wanazivaa hizo, nasi tulijifunza kwao.

Kaka aache kaptula. Kanzu na kofia yetu ya viua zinafaa kabisa, na zilitupatia salamu nyingi. Dada, ushungi mrefu na baibui jepesi vinatosha. Mswala mwembamba wa safari ubebwe siku zote.

Hatua ya 5: Kufika, kadi, na Kiswahili kilichojificha

Uwanja mkubwa wa ndege uko upande wa Ulaya. Sabiha Gökçen uko upande wa Asia. Someni tiketi. Vyumba vya kuswalia uwanjani vimeandikwa *Mescit*, na neno hilo likamateni, mtalikuta kwenye vituo vya treni, madukani na hata vituo vya mafuta. Mkitoka kwenye uwanja wa upande wa Ulaya mna treni ya M11 au mabasi ya Havaist. Badilisheni pesa kidogo tu hapo, zilizobaki mbadilishe mjini kwenye maduka ya fedha yaliyoandikwa *Döviz*.

Nunueni Istanbulkart, kila mmoja yake, kwa sababu punguzo la kuunganisha chombo kimoja na kingine linakwenda kwa kadi ya mtu mmoja. Inafanya kazi kwenye tramu, treni, basi na feri. Tramu mtakayoitumia kila siku ni T1, inapita Beyazıt, Sultanahmet, Sirkeci na Eminönü.

Wapi mlale? Sultanahmet kuna urahisi wa kutembea kwa miguu ila bei iko juu. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua Laleli, kwenye maduka ya nguo za jumla, na pale hamkosi kukutana na Mswahili anayefunga mizigo. Sisi tulipenda eneo la Fatih: ni mtaa wa watu wa ibada, chakula rahisi, na dada anatembea jioni bila kukodolewa macho.

Lugha isiwatishe. Kituruki na Kiswahili vyote vilikopa kwa Waarabu, na vingine kwa Waajemi, basi maneno tunayo. *Saat* ni saa, *dakika* ni dakika, *kitap* kitabu, *kalem* kalamu, *haber* habari, *dükkan* duka, *çay* chai, *kahve* kahawa, *sabun* sabuni, *vakit* wakati, *dünya* dunia. Mkimaliza kula semeni *hesap*, hesabu italetwa mezani. Nilipomwuliza mama mmoja msikitini "saat?" nikionesha mkono wangu, akanijibu, kisha akanishika mkono na kunivuta kwenye safu yake kana kwamba ameniona jana.

Neno kuu kuliko yote ni *namaz*, yaani swala. Likiwatoka mlangoni kwa sauti ya upole, mlinzi anawajua nyinyi si watalii.

Hatua ya 6: Kuingia msikitini kama waja, si kama wageni

Misikiti mikubwa hufunga milango ya watalii wakati wa swala, na mwenye kuswali ndiyo anaingia. Fikeni dakika 20 kabla ya adhana. Udhu: mabirika yaliyo wazi uani ni ya wanaume. Dada atafute kibao cha *Kadınlar*, yaani wanawake, mara nyingi kiko pembeni au chini kwa ngazi, pameandikwa *Abdesthane*, mahali pa udhu. Kwenye baadhi ya misikiti hapapo kabisa karibu, ndiyo maana nilizoea kutoka chumbani na udhu wangu.

Na udhu huo unahitaji kulindwa. Kwa Shafi, ngozi ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu ikigusana udhu unatenguka, na tramu ya T1 saa za jioni hubanana kama daladala ya Mbagala. Mguso wa ndugu wa damu hautengui. Kwa hiyo mimi nilikaa kona, mdogo wangu akasimama mbele yangu kama ukuta, mkono mmoja juu kwenye nguzo. Mikono mirefu ya nguo na glavu za baridi zilisaidia.

Ndani, sehemu ya wanawake ni nyuma, pembeni nyuma ya uwa wa mbao, au juu ghorofani. Kabla hamjaachana, kaka asubiri mpaka dada apate uhakika wa nafasi yake. Ishara yetu ilikuwa kupunga mkono. Asipoona mkono wangu ndani ya dakika tano, anatoka. Na mahali pa kukutania pawe birika la katikati ya ua, kamwe si mlangoni, kwa kuwa msikiti mmoja unaweza kuwa na milango minne.

Swala yao ni ya Kihanafi. Bismillahi husomwa kimya, amina hutamkwa chini kwa chini, Alfajiri hakuna qunuti. Mfuateni imamu mtulie. Witri huswali rakaa tatu kwa salamu moja, na qunuti iko kabla ya rukuu ya tatu. Baada ya faradhi watu hawatawanyiki: wanaswali sunna, kisha mwadhini anaongoza tasbihi kwa sauti, na msikiti mzima unamfuata. Kaeni nayo. Mimi hiyo ndiyo niliyorudi nayo moyoni.

Ijumaa, khutba ni kwa Kituruki, na Adhuhuri yao huingia kama saa 7 na kitu mchana. Chagueni mapema msikiti mkubwa wenye nafasi ya wanawake inayolindwa, nendeni siku moja kabla mkaulize, na siku yenyewe mfike saa nzima kabla.

Kitu kimoja kilinigusa sana. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini. Istanbul ni kusini, kimeelekea kidogo mashariki. Ukiinua takbira huko, mbali nyuma ya Makka, upande huohuo wa kusini, ndiko kuliko nyumbani.

Hatua ya 7: Siku nne, njia kwa njia

*Siku ya kwanza: Sultanahmet.* Anzeni na Ayasofya. Ilijengwa kati ya 532 na 537 na mfalme Justinian ikiwa kanisa, ikawa msikiti Sultani Mehmed wa Pili alipoufungua mji tarehe 29 Mei 1453 akiwa na umri wa miaka 21, ikafanywa makumbusho miaka ya 1930, na Ijumaa ya 24 Julai 2020 ikarudi kuswaliwa. Tangu Januari 2024 watalii hulipa euro 25 na kupanda ghorofani kwa mlango wao. Anayekwenda kuswali anaingia chini bila malipo. Mkitaka vyote viwili, swalini kwanza.

Mkiwa ndani tazameni chini kabla ya kutazama juu. Mistari ya zulia imekaa mshazari dhidi ya jengo, kwa sababu kanisa lilielekea mashariki na kibla hakiko huko. Waswahili wa misikiti ya kale tunaelewa thamani ya fundi aliyekubali kupinda zulia ili safu inyooke. Kisha juu: duara nane kubwa za maandishi, kipenyo chake kama mita 7.5 kila moja, zina jina la Allah, la Mtume, makhalifa wanne, na Hasan na Husein. Mwandishi wake ni Kazasker Mustafa İzzet Efendi, karne ya 19. Kuba iko kama mita 55 juu yenu. Ukarabati wa kuba ulianza 2025, basi msishangae kukuta majukwaa ya chuma.

Ng'ambo ya bustani upo msikiti wa Sultani Ahmed, wenye minara sita na vigae zaidi ya 20,000 vya İznik, uliojengwa kuanzia 1609. Swalini Alasiri hapo. Kisha teremkeni kwa miguu hadi msikiti wa Sokollu Mehmed Paşa, kazi ya Mimar Sinan, msanifu majengo wa masultani, ambako hakuna foleni. Inaelezwa kwamba juu ya mlango, mimbari na mihrabu vimepachikwa vipande vya Hajar al-Aswad, lile jiwe jeusi la Kaaba. Nilikaa pale tangu Alasiri hadi Magharibi karibu, na paka mmoja alinilalia kwenye pindo la baibui. Anayeijua Lamu na paka wake ataona yuko kwao.

*Siku ya pili: Topkapı na Süleymaniye.* Topkapı, kasri la zamani la masultani, hufungwa Jumanne. Nendeni moja kwa moja kwenye vyumba vya amana takatifu kabla vikundi havijafika. Nyingi zililetwa baada ya Sultani Selim wa Kwanza kuiteka Misri mwaka 1517: joho la Mtume, rehema na amani zimshukie, panga, na nywele za ndevu zake. Kuna msomaji anasoma Qurani hapo hapo, sauti yake inawafuata chumba hadi chumba. Zimeni simu. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida hatulii mahali, alisimama mbele ya kioo hadi mlinzi akamwomba asogee.

Adhuhuri mpande kilima hadi msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa 1550 hadi 1557, kazi nyingine ya Sinan. Minara ni minne na roshani zake kumi, na huelezwa kuwa Suleiman aliyeujengesha alikuwa sultani wa nne tangu kufunguliwa kwa mji na wa kumi katika ukoo wake. Kwa jicho langu huu ndio msikiti mzuri kuliko yote, na nafasi ya wanawake inaheshimika. Msijidhani wageni kabisa: Sheikh Ahmad bin Sumeit, aliyekuja kuwa kadhi wa Unguja, alifika mji huu miaka ya 1880 kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, mwanachuoni aliyekuwa akiishi huko. Watu wa pwani yetu walikuwa wakiijua njia hii kabla ya ndege.

*Siku ya tatu: Eyüp.* Pandeni tramu ya T5 kutoka Eminönü, kando ya Pembe ya Dhahabu, mkono wa bahari unaoingia mjini. Hapa ndipo alipozikwa Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina baada ya Hijra, akafariki akiwa mzee katika msafara wa kuizingira Konstantinopoli, jina la kale la Istanbul. Masultani waliokuwa wakitawazwa walivishwa upanga hapa. Nendeni mkawahi Alfajiri mkiweza. Mtakuta familia, mabibi na tasbihi zao, na vitoto vya jando katika mavazi meupe na majoho, wameletwa kuombewa dua.

Ziyara ina adabu zake, na kibao mlangoni kinazikumbusha: msiweke nadhiri kwa kaburi, msiwashe mishumaa, msifunge vitambaa, dua ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Toeni salamu, mwombeeni, mpishe wengine. Milango ya wanaume na wanawake ikitenganishwa, kumbukeni birika la katikati. Baadaye pandeni gari la kamba juu ya makaburi hadi kilimani, mnywe chai mkitazama maji.

*Siku ya nne: ng'ambo ya Asia.* Feri ya Eminönü hadi Üsküdar, nauli ya kadi ileile. Üsküdar ni mji wa misikiti ya mabibi wa ikulu, na nafasi za wanawake ni nzuri. Hii ndiyo siku ya kupumzisha miguu.

Hatua ya 8: Chakula

Nyama kwa kawaida ni halali, nguruwe ni nadra na jina lake ni *domuz*. Pombe ndiyo ya kuangalia, maana mikahawa ya watalii huiuza. Tafuteni *lokanta*, mahoteli ya chakula cha mchana ambayo sufuria zote ziko wazi mbele yako: unaonesha kidole, unapakuliwa. Maharage ya mbele ya Süleymaniye, yaliyopikwa kwa siagi na kuliwa na wali, yatawakumbusha nyumbani. Kome waliojazwa wali wanauzwa njiani. Wahanafi wengi hawawali, kwetu Shafi wanaruhusiwa, ila tazameni usafi. Boza ni kinywaji cha nafaka kilichochachushwa. Sisi tuliiacha kwa tahadhari.

Maziwa ya mgando yenye chumvi, *ayran*, ndiyo dawa ya uchovu. Pilipili zao si kali, bebeni yenu.

Hatua ya 9: Soko na matapeli

Kapalıçarşı, soko kubwa la kale lenye paa, ilianzishwa muda mfupi baada ya 1453, ina maduka kama 4,000, na hufungwa Jumapili. Tazameni hapo, nunueni mitaa ya nyuma kuelekea Eminönü, ambako wenyeji wananunua. Dada ajadili bei, kaka asimame kimya na begi. Mkijadili wote wawili mnapingana wenyewe kwa wenyewe.

Kijana anayewafuata Sultanahmet kwa ukarimu mkubwa ana duka la mazulia mwisho wa njia. Msafisha viatu anayeangusha brashi mbele yenu anataka mwiokote, kisha atawadai. Teksi, hakikisheni mita imewashwa kabla haijaondoka. Hoteli isiyo na bei kwenye orodha, inukeni. Tulilipishwa mara tatu ya kawaida kwa sahani ya saladi tusiyoiagiza, kwa sababu tuliona haya kuuliza.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usiku wa mwisho fungeni hesabu za mfuko wa pamoja mbele ya wote wawili, kinachobaki mkitoe sadaka huko huko. Pimeni mizigo. Vigae na bakuli vifungwe ndani ya nguo, zeituni na chochote cha majimaji viende kwenye begi la chini. Mkitoka mapema, ulizieni treni ya kwanza ni saa ngapi.

Kadi hazirudishwi pesa, ila salio linabaki. Zetu nilizifunga kwa mpira pamoja na karatasi niliyoandika misikiti yenye nafasi nzuri ya wanawake, nikampa shangazi anayekwenda na kaka yake mwezi ujao.